Namna ya Kuchagua Dawa ya Kuzibia Jino Lililotoboka: Mwongozo kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Kwa miaka ambayo nimetibu meno Iringa na Mbeya, maneno niliyoyasikia mara nyingi kuliko mengine yote ni haya: "Daktari, ling'oe tu." Huyasema mkulima wa viazi aliyeondoka Makete alfajiri na anayetaka kuwahi basi la kurudi. Huyasema mama mwenye kibanda Mwanjelwa ambaye akifunga biashara siku mbili mtaji unayumba. Huyasema pia kijana mwenye tundu lisilozidi punje ya ulezi, ambalo lingezibwa kwa nusu saa, na jino likaendelea kutafuna mahindi ya kuchoma kwa miaka mingi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kukubali kwamba jino lake lizibwe, na ambaye sasa anaulizwa: uwekewe ya silva, nyeupe, au ile ya saruji? Wengi hujibu kwa kuangalia bei peke yake, au kwa kufuata alichowekewa jirani. Mambo yanayopaswa kuamua ni mahali lilipo tundu, kina chake, umri wa mwenye jino, uwezekano wa kulikausha jino wakati wa kazi, na kama mgonjwa ataweza kurudi kliniki likitokea tatizo. Nitayapitia kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe huufuata mgonjwa anapokaa kitini.

Hatua ya kwanza: jua tundu limefika wapi

Jino lina gamba gumu la nje liitwalo enameli, chini yake kuna dentini ambayo ni laini zaidi, na katikati kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Enameli haina hisia, na ndiyo sababu jino huanza kuoza kimyakimya. Uozo ukifika kwenye dentini, baridi na utamu huanza kuchoma. Huku kwetu kipimo hicho hatukikosi: maji ya bomba ya Njombe asubuhi ya Julai yakigusa jino lenye tundu, mwenye jino hushika shavu kabla hajameza.

Jambo la kuzingatia ni muda ambao maumivu hayo yanakaa. Yakikatika ndani ya sekunde chache baada ya kumeza maji, kwa kawaida kiini bado ni kizima, na jino linaweza kuzibwa. Maumivu yakibaki kwa dakika kadhaa, yakianza yenyewe bila kuchokozwa, yakikuamsha usiku, au yakizidi unapokunywa chai ya moto na kupoa unaposhika maji baridi mdomoni, basi kiini kimeharibika kiasi cha kutopona. Jino la namna hiyo halisaidiwi na kizibo chochote, kiwe cha bei ndogo au kubwa. Linahitaji tiba ya mzizi, ambayo ni kutoa kiini kilichoharibika, kusafisha mifereji ya mizizi na kuijaza, au linahitaji kung'olewa. Ukizibiwa juu ya kiini kinachokufa, utarudi usiku wa pili au wa tatu ukiwa na maumivu makali kuliko ya mwanzo, na utalaumu dawa ya kuzibia ilhali kosa lilikuwa katika uchunguzi.

Wapo wanaofurahi kwamba jino lililowasumbua mwezi mzima limetulia lenyewe. Naomba msifurahi. Mara nyingi utulivu huo una maana kwamba mshipa wa fahamu umekufa, na usaha unaanza kujijenga kwenye ncha ya mzizi. Kipele kidogo kwenye ufizi, kinachopasuka na kurudi, ni dalili ya hilo. Uvimbe wa shavu au wa chini ya taya unaoambatana na homa, kushindwa kufungua kinywa au kumeza kwa shida si jambo la kusubiri: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Omba pia ufafanuzi kama inahitajika picha ndogo ya eksirei. Tundu lililoanzia kati ya meno mawili halionekani kwa macho mpaka limekuwa kubwa. Vilevile, si kila doa ni tundu. Tuna wageni na wanafunzi kutoka Arusha na Kilimanjaro ambao meno yao yana rangi ya kahawia kwa sababu ya floridi nyingi katika maji waliyokunywa utotoni, na meno hayo huenda hayajatoboka popote. Doa jeupe linalofanana na chaki, ambalo uso wake haujavunjika, linaweza kuzuiwa kwa dawa ya meno yenye floridi na kupunguza sukari. Jino ambalo halijatoboka lisitobolewe na mashine.

Hatua ya pili: zifahamu dawa zenyewe

Ile inayoitwa na wengi ya silva kwa jina lake ni amalgamu. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Imetumika kwa zaidi ya miaka 150, na sifa zake ni za kweli: ni ngumu, inavumilia gego linalotafuna kwa nguvu, haiharibiwi kirahisi na unyevu kidogo wakati wa kuwekwa, na mara nyingi hudumu miaka 10 hadi 15 au zaidi. Udhaifu wake ni kwamba haishikamani na jino. Inashikiliwa na umbo la shimo, kwa hiyo tabibu hulazimika kuchonga hata sehemu ya jino isiyooza ili ipate pa kujishikilia. Rangi yake ni ya kijivu, na huendelea kuwa nyeusi kadiri inavyokaa.

Neno zebaki linashtua zaidi katika ukanda wetu, kwa sababu tunaijua kutoka Chunya. Mchimbaji mdogo mmoja wa dhahabu aliwahi kukaa kwenye kiti changu, akafungua kiganja na kunionesha jinsi wanavyoviringisha zebaki na mchanga wa dhahabu mpaka vishikane, kisha wakavichoma. Aliniuliza: "Daktari, hiyo unayotaka kuniweka mdomoni ndiyo hii yetu?" Nilimjibu kwamba ndiyo, metali ni ile ile, lakini hali ni tofauti. Anayechoma zebaki kwenye karai anavuta mvuke mwingi unaoingia mapafuni moja kwa moja, na mvuke huo unaharibu ubongo na figo. Zebaki iliyokwisha kuungana na fedha na bati katika kizibo kigumu hutoa mvuke mdogo sana. Nilitumia muda mrefu zaidi siku ile kumsihi aache kuchoma zebaki karibu na watoto wake kuliko niliotumia kuziba jino.

Hata hivyo dunia inaondoka kwenye amalgamu, hasa kwa sababu ya mazingira, maana mabaki yake huingia kwenye maji na udongo. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na Tanzania ni mwanachama. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kwamba amalgamu isitumike au isipendekezwe kwa meno ya utoto, kwa wagonjwa walio chini ya miaka 15, kwa wajawazito na kwa wanaonyonyesha, isipokuwa pale tabibu anapoona ni lazima kutokana na hali ya mgonjwa. Mwezi Novemba 2025 zilikubaliana kuiondoa kabisa katika tiba ya meno ifikapo mwaka 2034. Ikiwa tayari unayo mdomoni na ni nzima, usikimbilie kuitoa. Kuichimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi kuliko kuiacha, na kila kizibo kinapotolewa jino hupoteza sehemu yake nyingine.

Nyeupe, au kompositi, ni mchanganyiko wa utomvu wa plastiki na chembechembe laini sana za kioo. Huchaguliwa rangi inayofanana na jino. Kwanza jino hupakwa jeli ya asidi kwa sekunde chache ili uso wake uwe na vinyweleo, huoshwa, hukaushwa, hupakwa gundi, kisha dawa huwekwa kwa matabaka yenye unene usiozidi milimita 2 hivi, na kila tabaka hugandishwa kwa taa ya mwanga wa buluu. Kwa kuwa inashikamana na jino lenyewe, tabibu huondoa uozo tu na kuiacha sehemu isiyooza ilivyo. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na kwa maoni yangu inazidi hata uzuri wa rangi.

Gharama ya faida hiyo ni usahihi. Tone moja la mate au damu likigusa jino baada ya gundi, ushikaji unaharibika. Nina kosa langu mwenyewe katika jambo hili. Miaka ya mwanzo ya kazi niliziba kwa kompositi gego la mwalimu mmoja, tundu likiwa limeshuka chini ya ufizi, na damu ilikuwa ikichuruzika kidogo. Nilikausha kwa pamba nikajiaminisha kwamba inatosha. Baada ya miezi saba alirudi, na nilipopitisha chombo pembeni mwa kizibo kiliingia kama kisu kwenye siagi, maana uozo ulikuwa umetambaa chini yake. Jino lile lilihitaji tiba ya mzizi ambayo isingehitajika kama siku ya kwanza ningemwambia ukweli: hapa nyeupe haitashika.

Ya tatu ni glasi ayonoma, ambayo wagonjwa huiita saruji, nao hawakukosea, kwa kuwa ni unga wa kioo maalumu unaochanganywa na kimiminika chenye asidi ukaganda kwa dakika chache. Hujishikiza kwenye jino kikemikali, huvumilia unyevu kuliko kompositi, na hutoa floridi kidogo kidogo inayosaidia kingo za jino. Rangi yake inakaribia ya jino ingawa haing'ai. Udhaifu wake ni kulika na kuvunjika mapema inapowekwa kwenye sehemu kubwa inayobeba uzito wa kutafuna. Ipo aina iliyoongezwa utomvu na kugandishwa kwa taa, ambayo ina nguvu zaidi.

Dawa hii ina historia ambayo Watanzania wachache wanaijua. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianza njia ya kuziba jino bila mashine wala umeme: uozo laini hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, kisha shimo huzibwa kwa dawa inayojishikiza. Daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken ni miongoni mwa waanzilishi wake. Glasi ayonoma ndiyo iliyokuja kuwa dawa kuu ya njia hiyo, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa dunia nzima. Mtoto anayezibwa leo kwenye dawati la shule bila sindano wala mlio wa mashine, awe Ludewa au ng'ambo ya bahari, anafaidi kazi iliyoanzia katika vijiji vyetu visivyokuwa na umeme. Mwaka 2021 shirika hilo liliiingiza glasi ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu.

Vizibo vya muda vyenye harufu ya karafuu hutuliza jino kwa siku au wiki chache tu. Harufu ile ni ya yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu. Ukiwekewa hicho, muulize tabibu tarehe ya kurudi na uiandike, kwa sababu maumivu yakiisha watu husahau, na kizibo cha muda hukatika. Kofia za jino, za metali au za kauri, huhitajika pale jino lililobaki ni dogo mno kushikilia kizibo. Hizo ni kazi ya maabara na gharama yake ni ya juu zaidi.

Hatua ya tatu: oanisha dawa na jino lako

Jino la mbele ni la kompositi bila mjadala mrefu, mradi liweze kukaushwa. Kwa tundu dogo juu ya gego, kompositi au glasi ayonoma nzuri zote zinafaa. Mimi huchagua kompositi penye umeme wa uhakika na taa inayofanya kazi sawasawa, na glasi ayonoma panapokosekana kimoja kati ya hivyo.

Tundu kubwa lililoko kati ya magego mawili ndilo gumu. Kwa mtu mzima asiye mjamzito wala hanyonyeshi, anayetafuna kwa nguvu, na ambaye jino lake haliwezi kukaushwa vizuri, amalgamu bado ni jibu la haki pale inapopatikana. Kompositi inaweza kufanya kazi hiyo ikiwa tabibu ana bendi ya kuzungushia jino na muda wa kutosha. Kizibo kikubwa cha glasi ayonoma mahali hapo nisikuahidi zaidi ya miaka michache.

Kwenye shingo ya jino karibu na ufizi, mahali ambapo wazee wengi hupata uozo baada ya fizi kushuka, glasi ayonoma hushika vizuri. Hivyo hivyo kwa mtu ambaye kinywa chake ni kikavu kwa sababu ya dawa anazotumia au ugonjwa, kwa kuwa floridi inayotoka humo humsaidia.

Mjamzito asiogope kuzibwa jino, na ganzi ya kawaida ya meno inaweza kutumika. Miezi ya nne hadi ya sita ndiyo yenye starehe zaidi ya kukaa kitini, lakini jino linalouma lisisubiri mwezi. Yeye achague kati ya nyeupe na saruji.

Kwa watoto nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo meno mengi yanapotea bure. Mama mmoja alimleta binti yake wa miaka minane kwa ajili ya chonge lililokuwa likitikisika. Nilipoangalia nyuma nikaona gego la chini lenye tundu jeusi, ndani yake kumekwama kipande cha muwa. Nilipomwonesha kwa kioo alisema, "Hilo ni la utoto daktari, litang'oka lenyewe." Nikamwomba ahesabu pamoja nami kuanzia katikati: moja, mbili, tatu, nne, tano. Nafasi hizo tano ndizo za meno ya utoto. Jino la sita ni gego la kudumu, huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, tena huota nyuma ya mengine bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo mzazi hana habari kwamba limekuja. Halina mrithi. Tuliliziba siku ile kwa glasi ayonoma, na mama akakubali amlete tena likizo ya Juni ili nilikague na, ikibidi, niweke kompositi juu yake.

Meno ya utoto nayo yanastahili kuzibwa, hasa magego, kwa sababu hukaa mpaka miaka 10 hadi 12 na hulinda nafasi ya yanayokuja. Pale uozo ni mpana, kofia ndogo za chuma zilizotengenezwa tayari hudumu kuliko kizibo, na nyingine huvishwa bila kuchonga jino. Kuna pia dawa ya maji yenye fedha na floridi inayosimamisha uozo kwa kupakwa tu, ila hugeuza tundu kuwa jeusi, na mzazi aambiwe hivyo mapema.

Hatua ya nne: fikiria njia ya kurudi na gharama nzima

Anayeishi Iringa mjini anaweza kurudi kesho kizibo kikisumbua. Anayetoka kijiji cha mbali cha Makete au Ileje anahitaji kazi isiyotegemea marudio mengi, na ni haki yake kusema hivyo kabla dawa haijachaguliwa. Uliza gharama ya kadi, picha, ganzi na kizibo kwa pamoja, si ya kizibo peke yake. Kama una bima ya afya, uliza dirishani ni aina gani ya kizibo inayolipiwa, kabla hujakaa kitini. Uliza pia kama taa ya kugandishia inafanya kazi na kama kuna jenereta, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kompositi kazi hulazimika kufungwa kwa muda.

Maswali yangu matatu ambayo ningependa kila mgonjwa amwulize tabibu ni haya: tundu langu liko karibu kiasi gani na kiini, kwa nini unanichagulia dawa hii kwa jino hili, na nikiona dalili gani nirudi? Tabibu anayejali hatakasirika.

Hatua ya tano: siku yenyewe na siku zinazofuata

Kula kabla ya kuja, na mweleze tabibu kuhusu shinikizo la damu, kisukari, mimba, mzio na dawa unazotumia. Baada ya kuzibwa utang'atishwa karatasi ya rangi ili kuona kama kizibo kimezidi kimo. Usione aibu kusema "bado linagonga." Kizibo kilichozidi hata kidogo tu huliumiza jino kwa wiki nzima, na kukipunguza ni kazi ya dakika mbili.

Usile mpaka ganzi iishe, na mlinde mtoto asiutafune mdomo wake. Kompositi hutoka kitini ikiwa imeganda. Kwa glasi ayonoma subiri angalau saa moja kabla ya kula. Kwa amalgamu tafunia upande mwingine kwa saa 24. Kuchoma kidogo kwa baridi kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, ni kawaida iwapo tundu lilikuwa la kina na hali inaendelea kupungua. Maumivu yanayozidi, ya usiku, au yanayotokea unapong'ata kitu, yanakutaka urudi mapema.

Kizibo hakizuii uozo mpya pembeni mwake. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi ya kiwango cha sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, kama inavyoandikwa kwenye tyubu, kisha tema bila kusukutua kwa maji mengi. Baridi yetu inatufanya tunywe chai mara nne au tano kwa siku, na kila kikombe chenye sukari huwapa bakteria wa mdomoni chakula na hulitesa jino kwa asidi kwa takriban nusu saa. Kunywa chai yenye sukari wakati wa mlo, na vikombe vya katikati ya siku vinywe bila sukari. Chai ya Mufindi na ya Rungwe ina ladha yake yenyewe.

Baada ya miezi 6, simama mlangoni penye mwanga wa jua ukiwa na kioo, upitishe ulimi taratibu kwenye ukingo wa kizibo. Ukihisi ngazi, ncha kali, au uzi wa kusafishia meno ukikatika kila mara mahali pamoja, nenda ukaguliwe hata kama hakuna maumivu. Kizibo kilichopasuka ukingoni mara nyingi hurekebishwa bila kutolewa chote, na jino hubaki na sehemu kubwa ya mwili wake.